Jioni Thelathini Bila Bibi

Kwa miaka kumi na tisa mume wangu alikuwa na mke mwingine, na mke huyo alikuwa na uzito wa tani mbili. Msinionee huruma, mtaa mzima ulijua. Hata mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, akija kututembelea alikuwa ananiuliza, "Mwenzio leo ameamkaje?" Mwenzangu huyo alikuwa jenereta. Tulimwita Bibi, kwa sababu alikuwa mnene, anakohoa kabla ya kuanza kazi, na hapendi kusubirishwa.

Mimi ni dobi. Nafua, naanika, napiga pasi nguo za watu, na chumba changu cha kazi kinapakana ukuta kwa ukuta na banda la jenereta la ushirika wetu wa umeme. Ushirika ni wetu kwelikweli: kaya mia mbili na kumi na mbili, kila kaya ina kura yake, na kila mwenye kura ana mdomo. Zamani Bibi ndiye alikuwa kila kitu. Baadaye tukaweka paneli za sola juu ya paa la ghala, tukaweka na betri, Bibi akabakiwa na kazi ya jioni tu, pale watu wote wanaporudi nyumbani na kuwasha kila chenye waya. Betri zinabeba kilowati sitini. Mzigo ukizidi hapo, lazima Bibi aamshwe asaidie. Basi kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu, mume wangu alikuwa anakaa bandani kwenye stuli yake, jicho kwenye sindano, mkono karibu na swichi.

Kila jioni, nimesema. Tuna mabinti pacha, wamekua, wameolewa, wana watoto wao, na sikumbuki hata siku moja Baba Pacha ameketi nasi kula chakula cha jioni wakati watu wengine wanakula. Sahani yake ilifunikwa na sahani nyingine mpaka saa tatu na nusu, mimi nasinzia kitini. Ndiyo maana nikisema mke mwenza sitanii sana.

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa. Yule mwanaume ana sikio. Bibi akibebeshwa mzigo sauti yake ilikuwa inashuka kidogo, na Baba Pacha alijua mzigo huo ni wa nani. Anainamisha kichwa, anasema, "Seremala amewasha randa." Ukitoka nje, kweli, unaisikia randa. "Salooni wameweka mtu kwenye mashine ya kukausha nywele." "Mwalimu mstaafu anachemsha maji ya kuoga, tena leo kajaza ndoo." Kinyozi alidhani anatia chumvi, akaja bandani siku moja kumjaribu, kumbe amemwachia mkewe maagizo awashe birika la umeme saa yoyote atakayopenda. Wamekaa, wamekaa, Baba Pacha akamgeukia akamwambia, "Nenda kanywe chai, mkeo ameshabandika." Kinyozi aliondoka bila kuaga.

Sasa sikilizeni yaliyotukuta.

Katibu wa ushirika ni binti wa marehemu kaka yake mume wangu. Tumemlea sisi tangu darasa la nne. Siku moja mchana akaja nyumbani, shikamoo mama mdogo, shikamoo baba mdogo, akakaa ukingoni mwa kiti utadhani kiti kina maji. Mtoto niliyemsuka nywele kwa mikono hii nikimwona anakaa hivyo najua ana neno.

"Kamati imepitisha," akasema. "Tujaribu jioni thelathini mfululizo bila kumwasha Bibi. Wanachama wapunguze matumizi, ushirika uwasaidie kupunguza. Tukifikisha thelathini, Bibi anauzwa, banda linawekwa betri mpya, tunabaki na jua peke yake. Tukivuka kilowati sitini hata jioni moja, tunaanza kuhesabu upya."

Baba Pacha akauliza, "Na mimi?"

"Baba mdogo, huko hatujafika."

"Nimeuliza, na mimi?"

Akatazama vidole vyake. "Tutaona."

Haya. Tutaona. Mtu ana miaka hamsini na minne, kazi aliyoijua maisha yake yote ni moja, unamwambia tutaona. Nilikuwa nakunja shuka, nikaliweka chini. Na mtoto hakuwa amemaliza.

"Wameomba wewe ndiye upite nyumba kwa nyumba. Hakuna anayejua umeme wetu unakwenda wapi kama wewe."

"Ebo!" nikasema. "Yaani mtu achimbe kaburi lake, na jembe aje nalo mwenyewe? Kawaambie hao wazee wa kamati waje waniambie mimi."

"Mama Pacha," mume wangu akasema.

"Mama Pacha nini? Nimekosea?"

Akamnyooshea mtoto kidole akasema, "Nani mwingine atapita? Huyu na kalamu yake? Atajua nini cha kuuliza?" Akasimama, akatafuta viatu. Nikaelewa kwamba ameshakubali, na kwamba amekubali kwa sababu wamemwambia hakuna kama yeye. Wanaume hao, ukiwapa sifa watakubebea hata nyumba.

Wiki tatu alipita. Alikuwa na mkoba wenye kipimo kidogo cha kuchomeka ukutani, balbu mpya, na karatasi nyeupe. Karatasi hizo ndizo zilizowashangaza watu. Anafungua friji, anaweka karatasi kwenye ukingo, anafunga mlango, anaivuta. Ikigoma, friji ni nzima. Ikichomoka kirahisi, raba ya mlango imekufa, baridi inatoka nje usiku na mchana na friji inahangaika bure. Aliwakuta watu thelathini na saba wanapoza jikoni kwao. Ushirika ukawaletea raba, wanalipa kidogokidogo. Balbu za zamani zikatolewa kwa mamia. Pampu ya tangi la maji, iliyokuwa inawashwa jioni kwa sababu ndivyo ilivyoanza tu, ikahamishwa saa sita mchana, jua likiwa la kumwaga. Seremala akakubali kupiga randa mchana. Mwalimu mstaafu akawekewa tangi jeusi juu ya paa, jua limchemshie maji. Siku ya kwanza aliyaoga yakamuunguza, akaja bandani kushukuru na kulalamika kwa pamoja.

Halafu akaja kwangu.

"Mama Pacha. Pasi."

"Pasi imefanya nini?"

"Unapiga jioni."

"Napiga jioni kwa sababu jioni kuna hewa. Unataka nipige pasi saa saba mchana, nife humu, uoe kijana?"

"Nimeshaoa mara mbili," akasema, "sina nguvu ya tatu."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikajaribu, shingo upande, nikatoboa dirisha la pili ili upepo upite. Jasho lilinitoka, sikatai. Lakini ilipofika saa kumi nilikuwa nimemaliza kila kitu, nimeoga, nimekaa barazani nimekunja miguu. Sikumwambia kwamba nimependa. Mambo mengine huwezi kumpa mtu kirahisi hivyo.

Sindano ikaanza kushuka. Tulikuwa sabini na nne. Ikaja sitini na nane, sitini na tatu, na jioni moja ikagota hamsini na tisa. Katibu akachora mstari wa chaki kwenye ukuta wa ghala. Jioni ya kwanza. Watu walikuwa wanapita kuangalia mistari utadhani matokeo ya mpira. Ya pili, ya tano, ya kumi na moja. Jioni ya kumi na mbili sindano ikafika sitini na moja. Kilowati moja tu! Bibi akaamshwa, akakohoa, mistari ikafutwa.

Tukaanza upya. Na sasa kila mtu alikuwa anamwangalia jirani yake. Baba Pacha alirudia nyumba zote mia mbili na kumi na moja, akitafuta hiyo kilowati moja au mbili iliyokuwa inatukwamisha. Alizima redio yake mwenyewe bandani. Alikaa gizani na tochi. Nilimtazama nikashindwa kumwelewa, kwa sababu alikuwa anatafuta kwa moyo wote kitu ambacho akikipata kitamtoa kazini.

Tukafika jioni ya tisa. Siku iliyofuata, Jumanne, mvua ilinyesha tangu alfajiri, nami nilikuwa na mashuka kumi na sita ya nyumba ya wageni. Nikafanya nilichofanya kila siku ya mvua kwa miaka yote hiyo. Nikaingia bandani, nikayaanika kwenye kamba niliyoifunga juu ya mgongo wa Bibi. Faida ya kupakana na mke mwenza ndiyo hiyo, hatujawahi kugombana kuhusu kamba. Saa saba nikarudi, yamekauka. Nikayakunja, nikayakumbatia, vuguvugu lake zuri kifuani, nikageuka kutoka.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni ndipo miguu ikagoma.

Bibi alikuwa hajawashwa siku tisa. Siku tisa! Chuma kilicholala siku tisa kinakaushaje mashuka kumi na sita siku ya mvua?

Nikaweka mashuka kwenye stuli, nikamgusa ubavuni. Ana joto. Nikapapasa, nikaona waya wa kijivu unatoka tumboni mwake, unapita nyuma, unaingia ukutani kwenye swichi ndogo iliyojaa vumbi, na kwenye swichi hiyo kuna taa nyekundu ndogo kama punje ya dengu. Hita. Kitu cha kumtia Bibi joto akiwa amelala, ili akiamshwa asisumbue. Mimi si fundi wa umeme, lakini naishi na pasi. Najua joto linakula kiasi gani, na hilo halikuwa joto la pasi moja. Na waya wa banda haukuwa na mita. Nani aweke mita bandani, wakati umeme unatoka humohumo? Kwenye mahesabu yote ya katibu, banda liliandikwa taa moja na redio.

Kumbe Bibi mwenyewe ndiye alikuwa mwanachama wetu mlafi kuliko wote. Alikuwa anakula umeme usiku na mchana ili awe tayari kutusaidia kwa kuwa umeme haututoshi.

Nitasema ukweli, sina sababu ya kujipamba. Sikufurahi. Niliona jambo moja tu mbele yangu: nikisema, hita inazimwa, jioni thelathini zinafika, Bibi anapakiwa kwenye lori, na mume wangu anabaki na tutaona. Nilichukua foronya moja, nikaitundika juu ya ile taa nyekundu. Nikabeba mashuka nikatoka.

Jioni hiyo mvua haikukatika, watu wote walikuwa ndani. Saa moja na dakika ishirini nikiwa jikoni nikamsikia Bibi ng'ambo ya ukuta, akakohoa, akashika. Siku tisa zote zikafutwa. Baba Pacha aliporudi hakula. Alisema, "Nimekosea wapi, Mama Pacha?" Nikamwambia alale. Nilijikaza kisabuni, lakini usingizi sikuupata.

Jumamosi mchana kukawa na mkutano ghalani. Watu wamechoka, wana hasira, na kwa nini wasiwe nayo? Mwenye salooni, mwanamke ambaye nimemfulia taulo miaka minane, akasimama.

"Tusifichane," akasema. "Ni nani kati yetu ana pasi kubwa mbili? Na ni nani ambaye mumewe atakosa kazi Bibi akiondoka? Mimi sijataja mtu."

Hajataja mtu! Vichwa vyote vikanigeukia. Siku nyingine ningemjibu mpaka asahau njia ya kwake. Siku ile ulimi ulikuwa mzito kama jiwe, maana mwanamke alikuwa amekosea pasi tu, mengine yote alipatia.

Baba Pacha akasimama. Si mtu wa kusema kwenye mikutano.

"Jumanne Bibi alinguruma dakika arobaini," akasema. "Nilimsikiliza dakika zote arobaini. Pasi ya mke wangu ina tabia yake, inashika na kuachia, inashika na kuachia. Haikuwemo. Hiki tunachokitafuta hakishiki wala hakiachii, ndiyo maana sikisikii. Nikikipata nitakileta hapa mbele yenu, hata kikiwa chumbani kwangu. Na mke wangu hafichi kitu."

Akakaa. Nilitamani ardhi ipasuke niingie mzimamzima.

Tulivyotoka nikamshika mkono. Hatushikani mikono barabarani, sisi si watu wa hivyo, akanitazama kama nimeugua. Nikamwongoza mpaka bandani. Nikauchukua mkono wake nikauweka ubavuni kwa Bibi.

"Unasikia nini?"

"Bibi," akasema.

"Ana joto?"

"Ana joto lake la kila siku."

"Mara ya mwisho kumwasha ni lini?"

"Jumanne, dakika arob..." Mkono haukutoka. Miaka kumi na tisa mkono ule ulikuwa umezoea kukuta joto pale, ulikuwa haushangai tena. Nikamwona anashangaa sasa. Nikaenda ukutani nikaivuta foronya.

Alikaa kwenye stuli. "Hii niliifunga mimi," akasema. "Wiki aliyokuja. Kitabu chake kilisema iwashwe muda wote, isizimwe kamwe. Kitabu cha nchi za barafu." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nimepita nyumba mia mbili na kumi na moja, mama. Nimemwambia mzee wa watu asichemshe maji ya kuoga."

"Ndiyo."

"Umejua tangu lini?"

"Jumanne."

"Kabla ya jioni?"

"Kabla ya jioni."

"Na foronya?"

"Jumanne. Niliogopa. Niliona watakuuza pamoja naye. Niliona utakaa nyumbani unatazama ukuta, ufe kabla ya siku zako. Niliogopa, Baba Pacha, basi."

Akaniangalia. "Na mimi nimesimama mbele ya watu nimesema hufichi kitu."

"Nilisikia."

"Sikusema uongo," akasema. "Umechelewa tu." Kisha akasema, taratibu, akipangusa vumbi kwenye ile swichi kwa kidole gumba, "Unadhani mimi sikuogopa? Kila mlango niliobisha nilikuwa naogopa. Kila karatasi niliyoivuta."

Nilitaka kumwambia aache. Naapa, nilikuwa tayari kuirudisha foronya kwa mkono wangu. Lakini alishasimama, na uso wake ulikuwa umetulia, nao sikuuona umetulia tangu siku binti yetu katibu alipokaa ukingoni mwa kiti. Akaizima hita. Taa nyekundu ikafa bila hata mlio.

Jioni ileile alikwenda kwa katibu, akamwambia kila kitu. Foronya hakuitaja. Niliitaja mimi, Jumatatu, kwa mwenye salooni, kwa sababu sipendi deni la maneno. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanitumia taulo zote za salooni, hata zile safi, na huo ndio ukawa msamaha wetu.

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta Baba Pacha bandani amesimama, kiganja ubavuni kwa Bibi. "Amepoa," akaniambia. Sikufanya mzaha. Nilimletea chai, tukanywa pale, tumesimama.

Jioni thelathini za safari hii sitawachosha nazo. Jioni ya kwanza sindano ilifika hamsini na nane. Kulikuwa na jioni moja ya mvua iliyofika hamsini na tisa na nusu, na mwalimu mstaafu, bila kuambiwa na mtu, alizima nyumba nzima akakaa barazani na mshumaa akiimba. Mistari ikajaa ukuta, katibu akaomba ngazi. Wa thelathini aliuchora mwalimu.

Lori lilikuja Ijumaa. Aliyemnunua anamtoa vipuri. Baba Pacha alimpangusa kwa tambara jipya, mafuta kwenye kila boliti, utadhani bibi harusi. Watu walipiga makofi lori lilipoondoka. Yeye hakupiga, na mimi sikupiga. Mwenzio ni mwenzio.

Mkutano ulikuwa kesho yake. Katibu akasimama mbele, akamtafuta kwa macho mpaka akampata, nyuma kabisa, karibu na mlango, pale wanapokaa watu wanaotaka kuondoka mapema.

"Baba mdogo," akasema mtoto wangu yule. "Uliniuliza swali, nikakujibu tutaona. Tumeona."

Wakapiga kura. Kazi ni ileile ya mkoba na karatasi: kupita kila nyumba mara mbili kwa mwaka, kuwafundisha wanaoingia wapya, kukagua kila paneli itakayopanda paa. Ushirika wa upande wa pili nao ulikuwa umeshaandika barua kuomba aazimwe wiki mbili. Mikono ilinyanyuliwa yote. Ya mwenye salooni ilikuwa miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Baba Pacha alisimama kushukuru, maneno yakamkimbia, akaishia kuuliza, "Na stuli yangu?" Ghala zima likacheka, akaruhusiwa kuichukua.

Jumatatu, jioni yake ya kwanza bila zamu ya kulinda sindano, saa moja kamili, nikasikia hodi kwangu mwenyewe. Nani anabisha hodi saa hiyo? Nikafungua, ni yeye, amesimama na stuli mkononi kama mgeni.

"Mbona unabisha?"

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuja saa hizi."

Akaingia. Akakitazama kiti hiki, akakitazama kile, hajui chake ni kipi. Nikamwonyesha. Nikaweka wali, mboga, sahani mbili wazi bila kufunikwa. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa kimya, ule ukimya ambao hatujazoea. Nikapakua. Nikamwona hajashika kijiko, ameinamisha kichwa upande, ametega sikio.

"Kula," nikamwambia. "Bibi hayupo."

"Sh." Akanyanyua kidole. "Mama Pacha, ile friji."

"Friji imefanya nini?"

Akaenda kwenye mkoba, akatoa karatasi, akafungua friji yetu, akaiweka kwenye ukingo, akafunga mlango. Hata hakuivuta. Karatasi ilianguka yenyewe.

Tukaitazama pale sakafuni.

"Nyumba mia mbili na kumi na moja," akasema polepole, "na yangu nimeiruka. Inanguruma hivi tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu."

"Mwaka wa nne! Na hukuniambia?"

"Inanguruma jioni," nikamwambia. "Hukuwepo."

Nilisema bila ugomvi, ni ukweli tu ulionitoka, lakini nilimwona umemwingia. Alisimama pale mbele ya friji muda kidogo, mzee wangu, mkono mmoja mlangoni. Kisha akaiokota karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni, akarudi mezani. Akaisogeza stuli yake karibu na kiti changu, akaketi juu yake.

"Kesho naleta raba," akasema. "Nipakulie."